Nilipoulizwa Kama Nimekubali

Haya siwezi kukusimulia kwa mdomo, ndiyo maana nayaandika. Nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la kliniki ya koo, ameambiwa jambo ambalo bado hajaweza kumwambia mkewe, na anajiuliza Mungu anataka afanye nini. Benchi hilo nimelikalia. Najua linavyokuwa gumu.

Naitwa Lameki. Ni katekista wa kanisa dogo huku Makutupora, kaskazini mwa Dodoma mjini. Mchungaji wetu ana makanisa mengi na hafiki kila Jumapili, kwa hiyo mimi ndiye niliyeongoza ibada, niliyefundisha watoto wa kipaimara, niliyezika na kutembelea wagonjwa. Siku nyingine nilikuwa shambani kwenye mizabibu kama jirani zangu wote. Shule sikwenda mbali. Nilichokuwa nacho ni sauti. Nilipoanzisha wimbo, waliokuwa bado njiani waliharakisha hatua. Hatukuwa na kipaza sauti na hakuna aliyewahi kukiulizia.

Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu Esteri na mama yangu mzazi. Binti yetu Neema yuko chuo mjini na huja mwisho wa wiki. Mama haoni. Ugonjwa wa vikope ulimla macho taratibu tangu nilipokuwa kijana, na sasa hatofautishi mchana na usiku. Kila asubuhi nilipotoka chumbani nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, mama," naye aliitikia na kuniuliza mizabibu imeamkaje, kana kwamba anaulizia wajukuu. Sura yangu ya utu uzima hajawahi kuiona. Kwake mimi nilikuwa ile sauti.

Ugonjwa ulianza wakati wa kupogoa mizabibu. Sauti ilikwaruza kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na haikuondoka. Nikanywa tangawizi. Watu wakasema ni vumbi, maana kwetu vumbi husingiziwa mengi. Mizabibu ikachipua, ikachanua, na mimi bado nakwaruza. Ilipofika mavuno nilikuwa naongoza ibada kwa kunong'ona, na siku moja nilikohoa nikaona damu kwenye leso. Esteri aliiona pia. Alikwenda kuvaa viatu, akarudi, akasimama mlangoni akinisubiri.

Hospitali kubwa mjini walinipitishia kamera puani, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakatuambia turudi. Tuliporudi, daktari wa koo alikuwa mwanamke kijana, Daktari Rehema. Aliniamkia shikamoo kabla hajafungua faili, na namna alivyoniamkia ndiyo iliyonishtua. Alikuwa mpole kupita kiasi.

"Baba, ni saratani," alisema. "Imekaa kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti, na imeshika pande zote mbili. Naweza kuitoa. Lakini itabidi nikitoe kisanduku chote. Utapumua kupitia tundu hapa chini ya shingo. Na hutaongea tena kwa sauti hii."

"Mionzi je?"

"Mionzi utapata baadaye. Peke yake, kwa ukubwa huu, siiamini. Njia yako ya hewa inazidi kuwa nyembamba."

Esteri alikuwa ameshika kamba ya mkoba wake kwa mikono miwili. Mimi nilisema jambo ambalo mtu wa kazi yangu angetarajiwa kulisema. Nilisema, "Ngoja nikamwulize Mungu."

Daktari Rehema aliinamisha kichwa kidogo. "Kamwulize, baba. Ila usikae sana."

Kaka yangu Danieli ndiye mkubwa wetu, na ndiye anayeongoza kikundi cha maombi kanisani kwetu. Nilimweleza siku hiyohiyo. Alisimama katikati ya sebule yake, akatikisa kichwa.

"Haiwezekani," alisema. "Mungu akupe sauti ya kumtangaza, halafu aje aichukue kwa kisu? Huo si mpango wake. Hilo ni jaribu la imani. Tutafunga na kuomba, na wewe hutakwenda kukatwa."

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu yako wewe uliye kwenye benchi. Maneno ya kaka hayakunijaza imani. Yalinijaza nafuu. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kumbe sihitaji kufanya lolote. Nikawa najibu kila aliyeniuliza, "Mapenzi ya Mungu yatimie," na watu wakanisifu kwa unyenyekevu.

Esteri hakunisifu. Siku moja tulikuwa tunachambua zabibu zilizopasuka, akaniuliza bila kuinua macho, "Baba Neema, utarudi lini hospitali?"

"Mungu atakaponionyesha."

"Atakuonyesha vipi?"

"Mwenyewe anajua."

Aliliacha kapu. "Daktari amekuonyesha picha ya koo lako. Mimi nasikia unavyopumua ukilala, kama mtu anayevuta hewa kwa mrija. Unataka akuonyeshe nini tena?"

Nilimwambia anaongea kama mtu asiye na imani. Alilivuta tena kapu, akaendelea kuchambua. Siku kadhaa hatukuongea, na mimi sauti niliyokuwa nayo ilikuwa inahesabika.

Nilirudi kliniki kwa sababu Neema alikuja na kunipandisha kwenye bajaji kama mzigo, wala si kwa sababu niliamua. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Kwenye chumba hicho watu hawapigi soga kama wagonjwa wa malaria. Wengi wana skafu shingoni, na ukisikia mtu anakohoa, wote mnageuka. Pembeni yangu alikuwa amekaa mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma, shingo yake imevimba upande mmoja. Nilimwamkia. Aliitikia kwa sauti nzito iliyochakaa, nikamwambia mimi ni katekista, nikamwuliza kazi yake.

"Dalali wa ng'ombe," alisema. "Mnada wa Bahi. Naitwa Mzee Idi. Nikiita bei mimi, ng'ombe mwenyewe anasimama wima." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alikuwa na ugonjwa kama wangu, ila wake ulikuwa umetangulia mbali. Walimwambia wakimkata kuna matumaini, lakini madogo.

"Nimekuja kuwaaga," alisema. "Nimewaambia sikatwi. Narudi nyumbani nikaongee na watoto wangu mpaka itakapokatika yenyewe."

"Basi umemwachia Mungu," nikasema. "Na mimi hivyo hivyo."

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa makali kuliko nilivyodhani.

"Mimi sijamwachia," alisema. "Nimeamua. Nimeswali, nimepima, nimeamua mwenyewe. Siku nikisimama mbele yake akiniuliza kwa nini sikukatwa, nitamjibu, ni mimi Idi niliyekataa, na sababu yangu ni hii. Sitamwambia ni wewe ulitaka. Kumsingizia mwenzako ni dhambi. Sasa kumsingizia Mungu je?"

Nilitaka kumkumbusha kwamba mimi ni katekista. Nilikuwa nimefundisha watoto miaka mingi kwamba Mungu alimuumba mtu akampa hiari, kwamba hakutufanya kete za kusukumwa kwenye bao. Niliyafundisha hayo kwa sauti kubwa. Hapo kwenye benchi yalinirudia kutoka kwa dalali wa ng'ombe ambaye hata hakujua ananifundisha. Yeye aliitwa jina lake, akainuka, akaniambia, "Haya, katekista, Mungu akusaidie kuamua," akaingia ndani.

Hata hivyo sikuamua siku ile. Nilimwambia Daktari Rehema kwamba kaka ameandaa maombi na nataka yapite kwanza. Ungekuwa umeniona ungenihurumia, au ungenichapa.

Maombi yalifanyika nyumbani kwa Danieli, mchana, pepo za kiangazi zikipeperusha vumbi uani. Watu walijaa. Walinizunguka wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaanza kuomba wote kwa pamoja. Joto lilikuwa kali. Nilivuta hewa, ikaja kidogo. Nikavuta tena, ikaja kidogo zaidi, na koo likatoa mlio mwembamba kama filimbi. Walidhani ni Roho. Wakaongeza sauti. Nilijaribu kusema "hewa," lakini neno hilo lenyewe linahitaji hewa. Nilimshika kaka shati nikamvuta. Alikuwa amefumba macho, anaomba kwa machozi, na mikono yake mizito iko kichwani kwangu.

Esteri ndiye aliyewapangua. Alikuja kutoka jikoni akipita katikati ya watu akisema, "Ondokeni! Hapumui! Ondokeni!" Sikuwahi kumsikia mke wangu akimfokea shemeji yake. Walinipakia kwenye gari la jirani. Njiani niliona mashamba yanapita, mizabibu imesimama kwenye nguzo zake, na nikajua jambo moja waziwazi: siko tayari kufa. Na kama siko tayari kufa, basi nina ninalolitaka. Na kama nina ninalolitaka, kwa nini nimejificha muda wote huu nyuma ya jina la Mungu?

Waliniwekea oksijeni na dawa za kupunguza uvimbe, njia ikafunguka kidogo. Daktari Rehema alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, safari hii imefunguka," alisema. "Ikifunga tena nitakutoboa shingo kwa dharura bila kukuuliza, maana sitakuacha ufe mbele yangu. Lakini hapo nitakuwa nimekuamulia mimi. Sipendi iwe hivyo."

Nilimgeukia Esteri. "Unasemaje wewe?"

Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Nitakwenda na wewe kokote utakakokwenda," alisema. "Ukikatwa nitakuuguza. Ukikataa nitakuuguza. Lakini sitakuamulia. Ukija kunilaumu nitakufa mimi."

Niliomba. Sikupiga magoti, nilikuwa na mpira wa oksijeni puani. Sikuomba ishara. Nilisema tu kimoyomoyo, Bwana, nataka kuishi, na naogopa kuwa bubu mbele ya kanisa lako na mbele ya mama. Nachagua kukatwa. Kama nimekosea, nimekosea mimi, na unihurumie. Hakuna sauti iliyonijibu. Sikuota ndoto. Kilichokuja ni utulivu mdogo tu, kama wa mtu aliyeacha kusema uongo.

Kaka alipokuja wodini nilimwambia. Alisema, "Umeiangusha imani yetu," akaondoka bila kuaga. Hilo lilinikata kabla ya kisu.

Walinipa ruhusa ya kwenda nyumbani kwa siku moja, Neema akiwa nami, ili nimweleze mama. Alikuwa amekaa kivulini ubavuni mwa nyumba, anapukuchua karanga kwa vidole vinavyoona kuliko macho yangu.

"Mama, watanitoa sauti."

Vidole vikasimama. "Nani kasema?"

"Daktari."

"Na Mungu?"

"Mungu ameniachia niseme mimi."

"Nawe umesemaje?"

"Nimesema waitoe. Nibaki."

Akausukuma ungo pembeni. "Niite," alisema.

"Mama."

"Tena."

"Mama."

"Usiache."

Nikamwita. Nilimwita mpaka koo likachubuka, naye ameegemea ukuta, uso wake umeelekezwa juu kidogo, kama mtu anayeoga jua la asubuhi. Neema aliingia ndani kwa sababu hakuweza kusimama pale. Mama aliponiambia inatosha, alirudisha ungo mapajani akaendelea na karanga zake.

Chumba cha upasuaji ni baridi mno kwa mtu wa Dodoma. Muuguzi aliyefunika mdomo alisimama upande wa kichwa changu na kuniuliza maswali ambayo humwuliza kila mtu.

"Jina lako nani, baba?"

Nikamtajia.

"Leo unafanyiwa nini?"

"Natolewa kisanduku cha sauti."

"Umekubali mwenyewe?"

"Nimekubali mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema kwa sauti niliyozaliwa nayo. Nilikuwa nimepanga maneno mengine, ya kiroho zaidi. Sikupata nafasi. Na sasa nafikiri sikuwahi kuhubiri maneno mazito kuliko hayo.

Ya baada ya hapo nitakueleza kwa ufupi, maana utayapitia na ni vizuri ujue. Utaamka na hewa inaingia mahali usipopazoea, na utashika mdomo ukidhani unakufa, kumbe unapumua. Utalishwa uji kwa mpira wa puani kwa majuma. Ukikohoa, makohozi yatatoka shingoni, na mara ya kwanza utamwona mtu akigeuka pembeni. Harufu zitapotea. Sinusi tena udongo unaponyeshewa mvua, na hilo nalililia hadi leo. Wakati wa pepo lazima ufunge kitambaa chepesi juu ya tundu, maana vumbi linaingia moja kwa moja kifuani. Utakasirika. Mimi nilimtupia Esteri daftari kwa sababu alisoma vibaya mwandiko wangu. Aliliokota, akalifuta, akanipa tena.

Mionzi niliifuata Dar es Salaam, nikakaa kwa ndugu wa Esteri. Kwenye treni msichana mmoja alikuwa analikodolea macho tundu langu, kisha akavua mtandio wake mwepesi akanipa bila neno, maana kitambaa changu kilikuwa kimelowa. Ngozi ya shingo iliungua ikawa nyeusi, mate yakakauka. Huko Dar ndiko Neema aliponitumia ujumbe kwamba Mzee Idi wa Bahi amefariki. Siku ile kliniki Neema alikuwa amepeana namba na mwanawe aliyemleta. Mwanawe alimwambia Neema kwamba mzee aliongea nao mpaka siku ya mwisho, akiwasimulia babu zao na ng'ombe zao, na kwamba alikufa anacheka. Nililia kwa njia ambayo mtu asiye na sauti hulia, yaani mabega tu. Sijawahi kufikiri kwamba mimi nilichagua vizuri na yeye akachagua vibaya. Tulichagua wote, macho wazi. Naamini Mungu amempokea kama mtu mzima aliyejibu kwa ajili yake mwenyewe.

Nyumbani nilirudi mvua za kwanza zimeanza. Nililoliogopa kuliko saratani lilikuwa limekaa kivulini. Nilipokaribia mama aliuliza, "Nani huyo?" Nikasimama. Esteri akamwambia, "Ni Lameki, mama." Mama akasema, "Ahaa," kwa adabu, kama anavyomwambia mgeni. Kila nilipoingia ilikuwa vilevile. Nani huyo? Mtu mwingine alilazimika kunitambulisha kwa mama yangu. Ilinifanya nijiulize, nikiwa peke yangu shambani, kama nilichookoa kilikuwa na thamani.

Kisha asubuhi moja alikuwa peke yake. Akauliza, "Nani huyo?" na hapakuwa na wa kumjibu. Nilipiga magoti mbele yake, nikachukua mkono wake, nikatoa kitambaa, nikauweka karibu na tundu. Pumzi ikampiga kiganjani. Alishtuka, akataka kuuondoa, kisha akauacha. Vidole vyake vikapanda taratibu mpaka kidevuni, masikioni, kwenye kovu la paji la uso nililolipata utotoni nilipoanguka ghalani. Akarudi tena kwenye pumzi.

"Ya moto," alisema. Kisha, "Mizabibu imeamkaje?"

Nikamfinya mkono mara mbili. Sasa hiyo ndiyo salamu yetu. Akiunyoosha mkono asubuhi najua ananisubiri.

Danieli alikuja mwishoni mwa msimu. Hakuomba radhi, wala sikumdai. Alimkuta Esteri ananisafishia mpira wa shingo, akasimama akitazama, akanawa mikono. "Nionyeshe, shemeji," alisema. Mikono yake ilikuwa ileile mizito. Akajifunza. Esteri akimpeleka mama kliniki au akienda sokoni, yeye ndiye huja. Bado anaamini kwamba Mungu angeniponya bila kisu. Mimi naamini Mungu alinipa Daktari Rehema na hiari ya kumwambia ndiyo. Hatujakubaliana, na tunakula pamoja.

Kanisani simhubirii mtu. Kijana mwingine anaongoza nyimbo. Nafundisha kipaimara kwa ubao na chaki, na darasa ni kimya kuliko zamani, maana lazima watazame. Na siku za kliniki, Daktari Rehema huniomba nikae kwenye benchi na wagonjwa wapya.

Juzi alikuwepo mwanamume wa Nkuhungu, fundi ujenzi, ameambiwa asubuhi hiyo. Aliangalia shingo yangu muda mrefu. Kisha akanong'ona, "Wewe ni mtu wa Mungu. Niambie. Mungu anataka nikatwe au nisikatwe?"

Nilichukua daftari. Nikaandika: *Sijui. Nadhani anataka useme wewe, na useme kweli.*

Alisoma, akatikisa kichwa, machozi yakamlenga. "Sasa mimi nitajuaje?"

Nikaandika: *Jina lako likiitwa, nitaingia na wewe.*

Alilisoma hilo mara kadhaa. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisogea tu kidogo kwenye benchi, bega lake likagusa langu, tukakaa hivyo tukiutazama mlango.